Mswisi Aliyeandikwa Hana Ndugu

Ninyi wawili mnaoipokea kazi yangu mmeniomba niwaandikie maelekezo. Maelekezo yamo kwenye faili ofisini, yamepigwa chapa vizuri, na mengi yake hayajawahi kumsaidia mzee yeyote. Mimi nitawaandikia yaliyotokea. Habari za vyeo hamtazikuta humu, maana cheo changu kilikuwa kimoja tu, mtembeleaji wa wazee, nami nimekitumikia mpaka magoti yakagoma.

Nikisema Chama, msidhani nazungumzia siasa. Chama chetu ni kile cha hisani cha Waswisi waliohamia mkoa wa Tanga zamani, wengine kwa kazi ya mkonge, wengine kwa uuguzi, wengine kwa sababu ambazo hawakupenda kuzieleza. Walikianzisha ili Mswisi akizeeka au akikwama huku asiachwe peke yake. Siku hizi wanachama wengi wanakaa Dar es Salaam. Wazee wenyewe ndio waliobaki huku kwetu, Korogwe na Handeni, wachache sana, kila mmoja na ukaidi wake. Ofisi mnaijua: chumba kimoja Korogwe, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli.

Siku ya kwanza nilivaa gauni la kanisani. Nilitegemea nyumba za vigae na mazulia. Mzee Singano, aliyekuwa mtembeleaji kabla yangu, akanipakia kwenye pikipiki yake mpaka kwa Bi Klara, muuguzi mstaafu aliyekuwa akiishi peke yake upande wa mtoni. Bati lilikuwa limetoboka, na ndoo zimepangwa chini ya matundu kama watoto wanaosubiri uji. Bi Klara akatukaribisha chai ya rangi. Mimi nikakataa kwa adabu, nikaanza kumuuliza anaumwa nini.

Tulipotoka nikasema, "Mzee, sikujua kama kuna Mzungu maskini."

"Basi leo umejua," akasema. "Na umekosea mara mbili. Umeuliza ugonjwa kabla hujaangalia kama ana kuni. Halafu umekataa chai. Yule mama ana kitu kimoja tu cha kukupa, nawe umekirudisha."

Siku ya pili nilikunywa vikombe vitatu.

Mzee Singano alinifundisha kazi kwa miezi minne, kisha akaenda kulima machungwa. Kabla ya kuondoka alinipa mkasi wa kukatia kucha, wa chuma, mzito. Akaniambia mzee anaweza kukudanganya kuwa amekula, kuwa analala vizuri, kuwa watoto wanapiga simu kila Jumapili. Lakini mvue viatu. Asiyeweza kuinama, tena asiye na mtu wa kuinama kwa ajili yake, utamjua kwa kucha za miguu. Nimekata kucha za wahandisi, za wauguzi na za mtu mmoja aliyesema babu yake alikuwa jenerali. Zote zinakatwa vilevile. Loweka kwanza, msiwe na haraka.

Kwa hiyo nilipofika Kwamsisi mara ya kwanza kumtembelea Mzee Ueli, nilimwambia avue viatu. Alikuwa fundi wa korona, ile mashine kubwa ya kuchambua majani ya mkonge, na shamba lilipofungwa wenzake waliondoka. Yeye alimfuata mkewe kijijini kwao Kwamsisi. Watu waliona jina la Ueli ni shida bure, wakamwita Mzee Kweli. Akawa fundi wa mashine za kusaga, pampu, cherehani, na chochote kilichokuwa na skrubu. Akavua viatu akinung'unika. Kucha zilikuwa zimekatwa sawasawa, na visigino vimesuguliwa kwa jiwe.

"Nani amekukata kucha?"

"Nani tena? Rehema."

Rehema alikuwa uani anapura maharage. Mama yake, mke wa mzee, alimleta kwenye ile ndoa akiwa bado ananyonya, na mama alipofariki Rehema hakuhama. Alijenga nyumba yake hatua ishirini kutoka ya mzee, akaolewa palepale, akazaa palepale. Mzee alikuwa akiongea naye Kizigua. Kiswahili alikitumia kwa wageni kama mimi, na Kijerumani cha kwao alikitumia kuitukana mashine. Nikaandika kwenye ripoti: huyu hana shida nasi, tumtembelee kwa heshima tu. Kwa miaka mingi ikawa hivyo.

Sasa niseme la Bi Klara, maana bila hilo hamtauelewa mwaka wangu wa mwisho. Wiki moja nilikuwa na homa, nikaahirisha zamu yake. Nikajiambia ana majirani, watamwona. Majirani nao wakajiambia ana Chama, kitamwona. Tulipofungua mlango alikuwa sakafuni, na daktari akasema alikuwa pale tangu juzi yake. Sitaandika zaidi. Mkiwa na homa, tumeni mtu. Msiseme "ana majirani" kabla hamjamtaja jirani huyo kwa jina na kumpigia simu.

Wanachama waliumia, na aliyeumia zaidi alikuwa mwenyekiti, Bwana Reto, mhandisi wa Dar es Salaam. Si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Ni mtu anayetaka kila bomba lisivuje. Mwaka wangu wa mwisho ulipoanza, Januari, akatuma barua: wazee wote wasio na ndugu warudishwe nyumbani Uswisi kabla ya mwaka kwisha, wakatunzwe katika nyumba za wazee. Wawili walikubali, nikawafungia mizigo mwenyewe kwa moyo mweupe. Mmoja alilia kwa furaha aliposikia atakula tena jibini ya kwao. Akabaki Mzee Ueli.

Mwezi wa tatu Bwana Reto akaja ofisini na fomu.

"Nimeshaijaza, Mama Perpetua. Tia sahihi tu hapo chini."

Nikaisoma. Jina, umri, maradhi: kisukari, kidonda mguu wa kushoto, macho hafifu. Kisha swali: Ana ndugu wa kumtunza? Mbele yake palikuwa pameandikwa: Hapana.

"Hapa pamekosewa," nikasema.

"Pamekosewa nini? Mke amefariki. Mtoto hakuzaa."

"Ana Rehema."

"Rehema si damu yake. Wala hakuwahi kumwandikisha popote. Hata ndoa yenyewe ilifungwa kijijini, kwetu haina karatasi."

"Aliyeandika hana ndugu hajafika Kwamsisi."

Bwana Reto akavua miwani, akaiweka juu ya fomu. "Bi Klara naye tuliambiwa ana majirani."

Hapo alinipata. Nikasikia mlio wa pampu ya baiskeli dukani kwa mbele. Kisha nikasema, "Kwa Bi Klara nilikosea, na kosa hilo nitakwenda nalo kaburini. Lakini silifuti kwa kumwandikia mtu mwingine uongo."

"Umebakiza miezi tisa ustaafu. Kwa nini ujiharibie?"

"Hiyo miezi ni yangu. Sitii sahihi."

Akaniambia bila ukali, na hicho ndicho kilichoniogopesha, kwamba uamuzi utakwenda kwenye mkutano mkuu wa Agosti, sahihi yangu iwepo isiwepo. Kila mwaka Chama ndicho kilichokuwa kikimwandikia mzee barua ya kumuunga mkono apate kibali cha kuishi nchini. Chama kikinyamaza, mzee hana pa kusimama. "Na akifa kwa huo mguu," akasema, "itakuwa juu yako."

"Andika hivyo," nikasema. Akaandika.

Kesho yake nilikwenda Kwamsisi. Njiani ndipo nilipogundua aibu moja: tangu Januari hakuna aliyemuuliza mzee mwenyewe, mimi nikiwemo. Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba, mguu umefungwa kitambaa, nzi wanauzunguka. Nikamweleza yote, sikuficha kitu. Rehema alikuwa amesimama mlangoni.

Mzee akafukuza nzi mguuni. "Kule wana madaktari wazuri," akasema hatimaye.

"Wanao."

"Mguu ungepona."

"Huenda."

Nilitaka aseme hataki kwenda, nirudi mjini nikapigane. Hakusema. Akasema anaogopa. Kufa hakukumtisha. Aliogopa kukatwa mguu na kuwa gogo ndani ya nyumba ya Rehema, mwenye shamba, mbuzi na mume mwenye kifua kibovu. Afadhali awe gogo la wageni wanaolipwa.

Rehema akatoka mlangoni. "Baba, mama alipoumwa ule mwaka mzima, nani alikuwa akimgeuza kitandani?"

"Mimi."

"Nani akimuogesha?"

"Wewe na mimi."

"Ulimwita gogo?"

Rehema akanigeukia mimi. "Dada, wewe nifundishe kusafisha hicho kidonda. Hayo mengine ni maneno."

Ndipo mzee akacheka kidogo, akasema Kijerumani chake kimeota kutu, huko kwenye nyumba ya wazee angeishia kuwatukana wauguzi tu. Kisha akanitazama kwa macho yale yaliyokuwa yanafifia. "Nabaki. Kama nitajuta, nitajuta nikiwa hapa."

Masika ikaja. Waliofanya kazi hii kwa gari hawataelewa, lakini ninyi mna pikipiki, mtaelewa. Kutoka Handeni mjini kwenda Kwamsisi barabara inageuka tope, unaendesha kidogo, unasukuma kidogo, halafu unaiacha pikipiki kwa mtu na kutembea. Nilikwenda mara mbili kila wiki. Maji yaliyochemshwa yakapoa, sabuni, kitambaa safi kilichopigwa pasi ya mkaa pande zote mbili. Osha mikono, osha tena. Usimimine spiriti ndani ya kidonda ili mgonjwa aruke na wewe uonekane daktari. Wiki ya tatu Rehema alikuwa ananizidi kwa mkono mwepesi. Alimpunguzia mzee ugali, akamficha sukari. Mzee akaitafuta, akaipata ndani ya kinu. Wakagombana kwa Kizigua mpaka majirani wakaja kuamua.

Hata hivyo mwezi wa tano vidole viwili vikawa vyeusi. Tulimpeleka hospitali kwa gari la kukodi, Rehema akiwa amempakata mguu. Daktari akavikata siku hiyohiyo. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi, nikajiuliza kama ukaidi wangu ni haki au ni kiburi cha mama mmoja anayetaka kumlipa Bi Klara kwa mguu wa mtu mwingine. Simu ikalia. Bwana Reto alikuwa ameshasikia.

"Umeona sasa?"

"Nimeona. Vidole viwili vimekatwa, mtu mzima amebaki."

Lakini nilikata simu kabla hajajibu, kwa woga, nawaambieni ukweli. Mkisikia mtu anasema alisimama imara mwanzo hadi mwisho, huyo anasimulia habari za mtu mwingine.

Kidonda kilifunga mwezi wa saba.

Mkutano mkuu wa Chama hufanyika Agosti, wakati wa sikukuu ya taifa lao. Hukusanyika Korogwe, hutundika bendera nyekundu zenye msalaba mweupe, huchoma soseji na kuimba nyimbo za milima ambayo wajukuu zao hawajaiona. Kwa kawaida mimi husoma ripoti kisha hugawa chai. Safari hii niliingia na Mzee Ueli ameshika fimbo, koti lake la zamani limepigwa pasi, na Rehema nyuma yake amevaa kanga mpya.

"Mkutano ni wa wanachama," Bwana Reto akasema.

Mzee akatoa kadi mfukoni, imechakaa kama jani la tumbaku. "Mimi ni mwanachama tangu wewe unanyonya. Na huyu ndiye anayenishika mkono." Wakasogeza viti.

Bwana Reto akasoma hoja yake. Aliisoma vizuri, akamtaja Bi Klara, na nusu ya chumba ikainamisha vichwa. Akasema huruma ya kweli ni kumrudisha mtu kwao. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Nikasimama na sinia la chai mkononi. Sikupata muda wa kuliweka.

"Babu yangu aliletwa hapa kutoka Ungoni kukata mkonge," nikasema. "Waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba. Baba yangu alizaliwa kambini, mimi nimezaliwa kambini. Shuleni mwalimu aliniuliza kwetu wapi, nikasema Korogwe, darasa likacheka. Akasema, hapana, kwenu hasa. Sasa nina miaka sitini na kwetu hasa sijawahi kukuona. Mkinichukua leo mkanishusha Songea mkaniambia nimefika nyumbani, nitawauliza stendi iko wapi nipande basi la kurudi. Mzee Ueli ana swali hilohilo, na jibu lake ni Kwamsisi. Amesema mwenyewe. Mwulizeni, yupo, ana masikio."

Wakamwuliza. Akawajibu kwa Kijerumani cha kwao, sikuelewa neno, lakini bibi mmoja wa mbele akafuta macho huku akicheka.

Bwana Reto hakukata tamaa. Akamgeukia Rehema kwa Kiswahili, kwa upole. "Dada, wewe ni nani wake? Kisheria?"

Rehema akafungua pindo la kanga, akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne. "Ya kisheria siyajui. Mimi nina hii."

Ilikuwa barua ya posa yake mwenyewe. Mumewe alipotaka kumwoa, wazee wake waliandika kama desturi inavyotaka, na barua ikapelekwa kwa baba wa binti. Bwana Reto akaisoma kwa sauti, taratibu, kwa kuwa mwandiko ulikuwa wa mapambo: "Kwa Mzee wetu Ueli, baba mzazi wa Rehema. Sisi wa ukoo wetu tumeliona ua katika bustani yako, tunabisha hodi kwa unyenyekevu." Chini, kwa wino mwingine na maandishi ya fundi, yaliyonyooka kama vipimo, palikuwa na jibu: "Hodi nimeisikia. Karibuni. Mahari mtazungumza na wajomba zake, mimi mniletee spana namba kumi na saba, yangu imepotea. Ueli, baba."

Chumba kizima kikacheka, Bwana Reto akiwa wa mwisho. Aliishika ile barua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Waliileta?" akauliza.

"Waliileta," mzee akasema. "Namba kumi na tisa. Lakini nilimtoa binti hivyohivyo."

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Hoja ikaanguka, si kwa wingi mkubwa. Bwana Reto hakunyoosha mkono upande wowote. Aliichukua ile fomu, akafuta "Hapana", akaandika "Rehema, binti". Kisha akanisogezea. Nikaweka sinia chini, nikatia sahihi.

Msidhani yaliishia kwenye nyimbo. Wiki iliyofuata nilipata barua ya onyo kwa kukataa maagizo ya mwenyekiti. Imo kwenye faili langu. Niliulizwa kama ningependa iondolewe kabla sijastaafu, nikasema iacheni hapohapo, juu kabisa, msiifunike na kitu. Siku mtakapoletewa karatasi iliyojazwa tayari, mtajua kuna aliyewahi kuirudisha na hakufa.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilipanga kwenda kuwaaga Kwamsisi. Nilibeba sabuni, kitambaa na maneno mazuri niliyoyaandaa njia nzima. Nyumba ya mzee imefungwa. Ya Rehema imefungwa. Mbuzi tu ndio waliokuwepo. Nikaukumbuka mlango wa Bi Klara, nikaanza kugonga na kuita kama mwehu.

Jirani akatoka na mwiko mkononi. "Mama, utavunja mlango wa watu. Unamtaka Mzee Kweli?"

"Yuko wapi? Anaumwa?"

"Aumwe na nini? Wameenda Chanika, hapahapa Handeni, harusini, mjukuu wa kwanza wa Rehema anaolewa. Mzee kaondoka tangu jana. Alikataa gari, kapanda bodaboda, anasema gari linachelewesha." Akanitazama toka juu hadi chini, na begi langu la dawa. "Kwani wewe hawakukualika?"

Hawakunialika. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango uliofungwa, nikapumzisha magoti, nikala maembe mawili ya yule jirani. Kisha nikatoa karatasi ya mwisho ya kazi yangu, nikaandika: Nimefika Kwamsisi. Mzee sikumkuta. Yuko na ndugu zake.